Form ni Tahiti: Karatasi Kwanza, Bangalo Baadaye

Fungua ramani ya dunia kwa simu, alafu jifanye unachimba shimo hapo Kencom, unashuka tu bila kukata kona, hadi utokee upande ule mwingine. Utatokea kwa maji, katikati ya Pasifiki, na ardhi yenye iko karibu na wewe ni visiwa vya Marquesas. Hizo ni za Polinesia ya Ufaransa, serikali moja na Tahiti na Bora Bora. Yaani manze, ukitaka beach yenye iko mbali na Kanairo kuliko hizo, tafuta roketi.

Sa ngori ni hii. Wasee wengi hupanga hii trip kichwa chini miguu juu. Wanaanza na ile picha ya bangalo imesimama juu ya maji Bora Bora, wanaitupa kwa grupu ya mbogi, mmoja anauliza bei ya usiku mmoja, grupu inanyamaza, form imekufa. Enyewe hizo bangalo ni za mabazenga na watu wa fungate, hatubishani. Lakini bangalo ya maji si hata mila ya huko. Ilianzishwa 1967 kisiwa cha Raiatea na majamaa watatu Waamerika wenye walikuwa na hoteli haina beach ya maana, wakaamua kupandisha vyumba juu ya maji. Biashara ikajipa, dunia nzima ikakopi. Wenyeji wenyewe wanalala kwa keja za kawaida, na wewe pia unaweza.

Kitu humwangusha Mkenya kwanza si kitanda. Ni karatasi na njia. So mpangilio wangu ni huu: karatasi, njia, kisiwa, alafu kitanda. Ukiugeuza, utalipia hoteli yenye hautawahi kuiona.

Karatasi: Schengen haitakufikisha

Polinesia ya Ufaransa iko chini ya Ufaransa lakini haiko Schengen. Hapo ndio wengi huingia mtaro. Msee ako na visa ya Schengen safi kwa paspoti, anajiona amemaliza, kumbe hiyo stika haimfungulii mlango Papeete, jiji la Tahiti lenye ndege hutua. Visa yako lazima iseme wazi inafanya kazi Polynésie française. Unaiomba kupitia ubalozi wa Ufaransa hapa hapa Nairobi, na wanataka kuona vitu zenye unajua: tiketi ya kwenda na kurudi, pahali utalala, bima, doo, na sababu ya kukurudisha home, kama barua ya wera ama ya shule.

Kuhusu doo, usijaribu ile ujanja ya kukopa kwa mabeshte ikae kwa akaunti siku mbili alafu uprinti statement. Mtu wa visa anasoma miezi, hasomi siku. Kama mbogi yenu iko na chama, kila mtu aanze kuweka pesa kwa benki mapema, kidogo kidogo, ionekane ni tabia. Na paspoti icheki sai. Ikiwa imebakisha miezi michache, badilisha kabla ya kuomba kitu chochote.

Kuna pia kadi ya njano. Kenya inahesabika kwa nchi za homa ya manjano, so dunga sindano mapema, juu cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa. Malaria huko hakuna, lakini mbu wako na wanabeba dengi. Dawa ya mbu iingie kwa begi.

Njia: jua linakochomoza ama linakotua

Juu Tahiti iko karibu nyuma kabisa ya dunia kutoka kwetu, unaweza kwenda ukifuata upande wowote na umbali uwe karibu sawa. Chagua kwa kuangalia visa, si bei peke yake.

Upande wa magharibi unapita Paris. Kutoka Nai unatua Charles de Gaulle, alafu unapanda ya Papeete yenye inasimama Los Angeles. Kuna zingine hupitia San Francisco, na hizo hutoka Orly, uwanja mwingine kabisa. Kutoka Charles de Gaulle kwenda Orly ni kuingia Ufaransa, na hapo ndio Schengen inaitishwa. Alafu Amerika hawana kitu kama kupita tu. Ata kama ndege inasimama masaa mawili, kila mtu anashuka na kupita kwa imigresheni, na Mkenya lazima awe na visa, angalau ile ya kupita. Hesabu basi: ya Polinesia, ya Amerika, na labda ya Schengen. Stika tatu kwa likizo moja.

Upande wa mashariki unapita Doha ama Dubai, unashushwa Auckland, New Zealand, alafu kama masaa matano uko Papeete. New Zealand nayo iko na visa yake ya kupita, na Mkenya anaihitaji. Lakini hapo ni mbili badala ya tatu. Na kuna raha moja ya bure: kati ya Auckland na Papeete unavuka ile laini ya tarehe, so unatoka Jumatatu unafika Jumapili. Siku yenye ulishamaliza unapewa tena.

Usiku wa kwanza usipange kitu ya nguvu. Papeete iko nyuma ya Nairobi na masaa 13. Nai ikiwa saa tatu asubuhi Jumatatu, kule ni saa mbili usiku Jumapili. Mwili utakuwa unaitisha chai ya asubuhi wakati wenyeji wanazima stima.

Doo: soma kama bob, ongeza robo

Pesa ya huko ni franki ya Pasifiki, XPF, na imefungwa kwa euro: euro moja ni franki 119.33. Haipandi haishuki mbele ya euro. Kwa shilingi yetu, franki moja inacheza hapo kwa bob moja na robo, kulingana na vile euro imeamka. So menyu ya huko haikutishi. Kitu imeandikwa 1,000, isome kama thao, ongeza robo, umeiva.

Sa bei zenyewe, wueh. Visiwa ziko mbali na kila mtu, na mzigo mwingi huletwa na meli kutoka Ufaransa, New Zealand na Amerika. Nyanya ya duka inaweza kukuumiza roho. Lakini pia kuna vitu serikali imeshikilia bei, na bageti ni moja yao. Ndio maana asubuhi unaona mzae na bageti mbili kwa kapu ya baiskeli. Kuna sandwichi wanaita casse-croûte, bageti imejazwa nyama, samaki, ama hata tambi za Kichina, na hiyo ndio lanchi ya mtu wa wera. Ukiona laini ya mafundi imesimama kwa duka saa tano, simama hapo.

Kitanda nacho, achana na resoti, saka pension de famille, tuite tu pensheni. Ni nyumba ya familia yenye imeongeza vyumba ama vibanda kwa kiwanja. Unapewa breakfast, mara nyingi na supper, na mama mwenye nyumba anakuchanua pahali pa kuogelea bila kulipa. Mkiwa wasee wanne, mnaweza kukodi keja nzima yenye iko na jikoni na mgawane. Tipu hawana hiyo desturi. Lipa bei, sema asante, ishia.

Kisiwa: usikimbilie Bora Bora

Kuna visiwa zaidi ya 100, zimegawanywa kwa mafungu matano, na watu wote jumla ni kama 280,000. Eneo lao la bahari ni kubwa kama Umoja wa Ulaya. Hautamaliza, so chagua mbili ama tatu.

Tahiti yenyewe wengi huiruka kama stage ya kubadilisha mat. Wanakosea. Papeete ni jiji ndogo yenye iko na maisha: soko ya kati yenye Jumapili inaanza alfajiri, bandari, maduka ya lulu nyeusi, na mahewa ya ukulele. Beach nyingi za Tahiti ni mchanga mweusi, juu kisiwa ni volkano. Upande wa kusini kuna Teahupo'o, ile wimbi nzito yenye Olimpiki ya Paris 2024 ilipeleka mashindano ya surfing huko, kama kilomita 15,700 kutoka Paris. Dhahabu ya wanaume ikachukuliwa na Kauli Vaast, kijana mwenye alizaliwa Tahiti. Hauhitaji kujua kusurf. Boti zinakupeleka kando ya wimbi, unatazama, unashukuru Mungu si wewe.

Moorea ndio chaguo langu kwa msee wa bajeti. Iko kilomita kama 17 kutoka Tahiti, feri inachukua nusu saa na kidogo, na tiketi haili mkwanja kama ndege. Kuna milima imechongoka, mashamba ya mananasi, bay mbili zimeingia ndani ya kisiwa, na beach ya Temae yenye ni ya umma. Kodi baiskeli ama pikipiki, zunguka.

Huahine ni ya wenye wanataka kutulia. Mji wake unaitwa Fare, na Maeva kuna magofu ya marae, zile sehemu za ibada za mawe za wazee wa kale. Maupiti ni ndogo zaidi, hakuna resoti kubwa, pensheni za familia tu. Kama unapenda chini ya maji, enda Tuamotu: Rangiroa, moja ya atoli kubwa duniani, ama Fakarava yenye UNESCO imeiweka kwa hifadhi, ambapo papa hupita kwa mlango wa lagoon wakiwa wengi hadi unaacha kuhesabu.

Na Bora Bora? Enda, lakini kwa akili. Uwanja wake ulijengwa na wanajeshi wa Amerika wakati wa vita ya pili, na uko kwa kisiwa kidogo pembeni, so ukitua unapanda boti kwenda Vaitape. Mizinga ya hiyo vita bado iko huko juu ya mlima. Beach ya Matira ni ya kila mtu, na rangi ya maji ni ile ile yenye mwenye bangalo anaona. Lala kwa pensheni, ogelea Matira, piga picha zako. Hakuna mtu kwa Insta atauliza ulilala wapi.

Dishi: nazi ni nazi

Jioni Papeete, enda Place Vai'ete hapo bandarini. Magari ya chakula, wanaita roulottes, zinapanga viti nje na kila moja iko na kitu yake: samaki, nyama na chipo, chao men, kreps. Hiyo chao men iko na historia. Wachina wa kwanza waliletwa Tahiti 1865 kufanya kazi kwa shamba la pamba la Atimaono, na leo kizazi chao ni sehemu ya mtaa kabisa.

Dishi la kuanza nalo ni poisson cru: jodari mbichi amekatwa vipande, akamwagiwa ndimu, akachanganywa na mboga na tui la nazi. Najua, mbichi. Jaribu. Ndimu inamgeuza rangi, tui linatuliza, na ubao ukiwa umeshika hautauliza swali lingine. Kuna pia kuku wa majani ya taro na nazi, na Jumapili familia zinafukua ahima'a, shimo la mawe ya moto lenye nguruwe, taro na shelisheli zimelala humo tangu alfajiri. Asubuhi hiyo pia kuna firifiri, mandazi ya tui yamekunjwa kama nambari nane. Mtu wa Mombasa akiyala atauliza mbaazi ziko wapi.

Hii nazi si kuangukiana tu. Wale mabaharia wa kale walitoka Asia ya kusini mashariki na mitumbwi, wengine wakaelekea Pasifiki, wengine wakaelekea huku kwetu hadi Madagaska. Ndio maana Kimalagasi na Kitahiti ni lugha za ukoo mmoja, na ndio maana ngalawa ya Shimoni, na yale mabawa ya mti pembeni, ina ndugu yake Tahiti wanayoita va'a. Huko wanaipiga mbio: Hawaiki Nui Va'a, kuanzia Huahine hadi Bora Bora, siku tatu za kupiga kasia.

Msimu na sherehe

Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Aprili ni mvua na joto, na bei hushuka kiasi. Nyangumi hupita kuanzia katikati ya mwaka hadi Novemba, na Moorea na Rurutu ni pahali poa pa kuwaona.

Lakini kama ni mimi, ni Julai, juu ya Heiva, sherehe yao ya dansi. Vikundi vinafanya mazoezi miezi mingi, alafu wanaingia uwanja wa To'atā Papeete na ngoma za to'ere, viuno vinaenda na kasi yenye macho haishiki. Usione ni kitu ya watalii. Wamisionari walipokita mizizi, sheria ya mfalme Pomare ya 1819 ilipiga hizi dansi marufuku, na tatuu pia. Heiva ilirudi 1881, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kumeza kisiwa, ikavalishwa jina la sherehe ya Wafaransa ya Julai. Wenyeji wakaitumia hiyo nafasi kurudisha vyao. Ukinunua tiketi ya Heiva, unalipia watu wenye walikataa kusahau.

Ju ya tatuu: wengi huenda wakitaka kuchorwa ya Marquesas. Sawa, lakini keti na msanii, mbonge, akuchoree yako. Usimpelekee picha ya mgongo wa mtu. Hiyo mistari hubeba ukoo wa mwenyewe.

Heshima na lugha

Ngeli yako itakusaidia kwa resoti. Kwa soko na kwa mat ya kijijini, Kifaransa. Kama ulisoma kidogo shule ama Alliance Française, fungua yale madaftari. Beshte wako wa Goma ama Bujumbura hapa amekushinda mbali, mpatie kazi ya kubonga. Kitu kikubwa ni salamu. Ukiingia kwa duka, "bonjour" kwanza, ama "ia ora na" ukitaka kuwapendeza, ndio uulize bei. Hii sisi tunaijua tangu utoto, hakuna mtu wa kwetu huitisha mkate kabla ya kusalimia mwenye duka. Asante ni "māuruuru". Viatu unavua mlangoni. Jumapili maduka mengi hufunga mapema na makanisa hujaa, na kwaya zao ni za kukufanya ukae hadi mwisho.

Kitu picha haikuonyeshi

Kati ya 1966 na 1996, Ufaransa ililipua mabomu ya nyuklia 193 kwa atoli mbili za Moruroa na Fangataufa. Walipoanza tena 1995, Papeete ilishika moto, na ule uwanja wa Faa'a wenye utatua ukachomwa Septemba ya huo mwaka. Sheria ya kulipa wagonjwa ilikuja 2010. Rais Macron alienda Papeete 2021 akakubali nchi yake iko na deni kwao. Na 2023 Moetai Brotherson aliingia urais wa huko kupitia chama chenye kinataka uhuru. Usifike pale ukianza kuhutubia watu kuhusu ukoloni. Lakini mzee kwa pensheni akianza hiyo story, weka simu chini umsikize. Wewe unatoka nchi yenye inajua hiyo mambo.

Sa tupange

Wiki ya kwanza: paspoti, kadi ya njano, na mbogi ichague upande wa kupitia. Ya pili: anza visa ya nchi ya kupita, ile yenye huchukua muda mrefu, hasa kama ni Amerika, juu miadi ya ubalozi haikungoji wewe. Alafu visa ya Polinesia, ukiwa na pensheni yenye inakubali kufuta buking bila kukukata. Tiketi iwe ya kushikiliwa hadi stika ziingie kwa paspoti, usilipe yote kwa msisimko. Chama iendelee kila mwezi, na mwenye anachelewesha aulizwe mapema, si siku ya mwisho.

Heiva ni Julai. Hesabu kurudi nyuma: visa ya Polinesia, visa ya kupita, miezi ya benki, paspoti mpya. Ukimaliza hiyo hesabu utaona kitu moja: wera ya hii trip inaanza wiki hii.